Mtoto wa Mwenzio Yuko Jikoni Kwako

Hotuba niliyoitoa, mimi afisa ustawi wa jamii, kwenye maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika katika kata yetu, Dar es Salaam. Naiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Nimepunguza salamu tu.

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wetu wa Kata, wenyeviti wa mitaa, masheikh na wachungaji, walimu, akina mama wa vikoba, akina baba wachache mliojitokeza, na ninyi watoto mlioimba vizuri kuliko kwaya nyingi za wakubwa: hamjambo?

Nimepewa mada inaitwa "Jitihada za Serikali katika kuwalinda watoto na vijana walio katika mazingira hatarishi." Kwa jua hili la saa saba, hiyo ni mada ya kulaza watu. Waandaaji mnisamehe, nitaikata. Sitazungumza juu ya watoto wote wa Tanzania. Nitazungumza juu ya mtoto mmoja, yule ambaye leo hayupo hapa. Tazameni hema lile la watoto. Kila mmoja kaletwa na mzazi wake, kavalishwa, kapewa juisi. Yeye hakuletwa. Ameachiwa mdogo mgongoni na ndoo ya nguo, na ameambiwa maharage yasiungue.

Ni nani huyo?

Naam. Mmejibu wenyewe. Dada wa kazi.

Siku hii tunaiadhimisha kwa sababu ya watoto wa Soweto. Juni 16, 1976, waliingia barabarani kukataa elimu ya kibaguzi na kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Walikuwa wanafunzi, wengi wao wana umri ule ule wa mabinti tuliowaacha majumbani kwetu asubuhi ya leo ili tuje kusherehekea siku ya mtoto. Mniwie radhi, lakini hilo lazima lisemwe hapa, tena leo.

Tuanze na anavyofika. Nani kati yenu alimpata dada wake kwa dalali? Msinyooshe mikono, nawafahamu.

Kuna binti mmoja nilimpokea ofisini, nitamwita binti wa Singida, jina lake nalihifadhi. Alikuwa amemaliza darasa la saba. Mama mmoja wa kijijini kwao, mtu anayeheshimika, akaja kwa wazazi wake akasema kuna familia Dar es Salaam, watu wa dini, wanatafuta binti wa kukaa na mtoto mchana, jioni watampeleka kujifunza cherehani. Mama mzazi akaachiwa shilingi elfu thelathini, "ya sabuni." Alfajiri binti akapandishwa basi. Ndani ya basi hilo yule mama alikuwa na mabinti watatu. Walishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku, na kila mmoja akachukuliwa na mtu ambaye hajawahi kumwona. Wale wengine wawili hajui walikopelekwa. Mimi pia nimewatafuta, sijawapata.

Na cherehani? Anasema aliiona. Ilikuwa sebuleni kwa bosi wake, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kazi yake ilikuwa kuifuta vumbi.

Sasa niwaulize. Binti huyu alisaidiwa, au alisafirishwa?

Ukitaja usafirishaji haramu wa binadamu hapa kwetu, watu wanawaza lori limejaa Wahabeshi, au binti aliyepelekwa nje ya nchi. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Namba 6 ya mwaka 2008, haidai mpaka uvukwe. Inamgusa anayemtafuta mtu, anayemsafirisha, anayemhifadhi na anayempokea, ikiwa lengo ni kumtumikisha. Singida hadi Mbezi inatosha kabisa. Kisha sheria hiyo ina jambo ambalo nataka mtoke nalo hapa: aliyesafirishwa akiwa mtoto, ridhaa yake haihesabiwi. Wala ridhaa ya mzazi wake. Ile kauli yetu ya "mama yake alikubali mwenyewe," mbele ya hakimu haikuokoi.

Narudia, maana naona wengine mmeinua macho. Mama yake alikubali: haikuokoi. Yeye mwenyewe alitaka kuja mjini: haikuokoi.

Sisemi kila aliyempokea binti ni mhalifu. Wapo humu wanaoishi nao vizuri, wanawalipa, wanawapa siku ya mapumziko, na wengine wamewasomesha mpaka wakaolewa kwa heshima. Nawajua na nawashukuru. Sheria inaangalia lengo na matendo. Basi tuangalie matendo.

Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya 2009, inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Chini ya miaka 14 haajiriwi, hata kama ni mrefu, hata kama "huko kwao wanakua haraka." Aliyefika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi, isiyomdhuru afya na isiyomzuia kwenda shule. Na mtoto hafanyishwi kazi usiku. Usiku ni saa ngapi? Sheria imetaja: kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Hebu piga hesabu ya nyumbani kwako. Dada anaamka saa ngapi? Saa kumi na moja, amchemshie baba maji, amwandae mtoto kabla basi la shule halijapiga honi. Analala saa ngapi? Mpaka tamthilia ya Kituruki iishe, vyombo vioshwe, geti lifungwe. Kwa hiyo kama ana miaka 15, sheria inavunjwa nyumbani kwako alfajiri na usiku, kila siku ya Mungu, na hujawahi hata kumpiga kofi.

Mshahara sasa. Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 ilitaja mfanyakazi wa ndani wa kaya za kawaida, anayelala hapo hapo nyumbani, alipwe si chini ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Ni pesa ndogo. Kuna watu humu wanaitumia kwa vocha na kusuka. Na bado haitoki.

Yule binti wa Singida alikuja ofisini na mfuko wa rambo. Ndani kulikuwa na gauni, kanga moja, na daftari la hisabati la darasa la saba. Nikalifungua. Mbele kuna hesabu za sehemu na desimali, zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Nyuma, kwa mwandiko wa kubanana, ameandika miezi. Mwezi wa kwanza: "mama katumiwa." Wa pili: "mama katumiwa." Wa tatu: "kikombe." Nikamuuliza kikombe nini? Akasema alivunja kikombe cha seti, akakatwa. Wa nne: "bado." Wa tano: "bado." Wa sita: "bado." Baada ya hapo aliacha kuandika.

Tulimpigia mama yake kwa simu ya mtendaji wa kijiji. Mama akasema pesa pekee aliyoiona ni ile ya sabuni.

Tunaposikia mabinti zetu waliokwenda kufanya kazi Oman wakashikiliwa hati za kusafiria, wakakosa pa kupigia simu, tunalia. Tunasema Waarabu hawa wana roho gani? Sawa, ni haki kulia. Lakini simu ya dada wako iko wapi sasa hivi? Mbona umeifungia kabatini? "Atapata wanaume." Binti yule hana namba ya mtu mwingine yeyote katika mji huu wa mamilioni ya watu, na hiyo simu ndiyo njia yake ya pekee ya kutoka.

Haya. Serikali iko wapi? Mtaniuliza, na mna haki.

Niseme kwanza yaliyofanyika, maana yapo na mengine tumeyasahau upesi. Mwaka 2009 nchi hii ilikubali kufanyiwa utafiti kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ukiwahusisha wasichana na wavulana, na ulipotangazwa mwaka 2011 matokeo yalitutia aibu: karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana 1 kati ya 7, akina baba, mmesikia? Serikali ingeweza kuyafungia matokeo yale kwenye droo. Iliyatangaza. Baadaye ukaja mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, na sasa tuko kwenye awamu ya pili. Huo ndio uliozaa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia taifa hadi mtaa. Mtaa wenu mnayo kamati. Mnawajua wajumbe wake? Mwenyekiti, usinitazame mimi, watazame wao.

Polisi wana Madawati ya Jinsia na Watoto, zaidi ya 400 nchi nzima. Ipo namba 116 ya kutoa taarifa za ukatili dhidi ya watoto, unapiga bure, hata simu haina salio. Na kuna jambo moja ambalo nalisifia bila kuombwa, ni vituo vya mkono kwa mkono. Wakongwe wenzangu mnakumbuka ilivyokuwa. Mtoto ameumizwa, anaanzia polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Anapanda daladala hadi hospitali. Anapanga foleni na wenye malaria. Daktari anajaza, anarudi polisi, kisha anatumwa ustawi wa jamii. Kila dirisha anaeleza upya, mbele ya mtu mpya, na kila akieleza anaambiwa "sema kwa sauti." Wengi walikuwa wanaishia dirisha la pili. Sasa, palipo na kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ofisa ustawi wanakutana naye sehemu moja. Anaeleza akiwa amekaa. Waliobuni hilo walikuwa wamewahi kukaa na mtoto wa namna hiyo, haiwezekani vinginevyo.

Sasa niseme yasiyokaa sawa. Mheshimiwa Diwani, ukipata kalamu andika.

Baadhi ya madawati ni meza tu, imewekwa pembeni ya kaunta. Mtoto anaeleza aliyotendwa, nyuma yake amesimama mtu anaripoti kupotelewa na leseni. Sisi maafisa ustawi ni wachache, na mwenzangu mmoja anashika kata tatu kwa nauli ya mfukoni mwake. Halafu sheria zenyewe hazijapatana. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15, hata 14 kwa idhini ya mahakama, vinakwenda kinyume na Katiba, na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vile vile. Miaka ikapita baada ya hapo bila Bunge kuvifuta. Kwa hiyo binti wa miaka 15 akiwa darasani analindwa kwa miaka thelathini. Akiacha shule akaja kuosha vyombo vyako, ulinzi ule wa mwanafunzi hana tena.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko vyote hakiko serikalini. Kinaitwa "tumeyamaliza."

Nilikuwa na kesi ya binti mwingine. Aliyemdhuru alikuwa ndugu wa mwenye nyumba, aliyekuja mjini kutafuta kazi na kufikia hapo. Jirani alisikia, akapiga 116. Jirani huyo namvulia kofia, alitukanwa mtaa mzima. Dawati likafanya kazi yake, hospitali wakafanya yao, mtuhumiwa akakamatwa, jalada likafunguliwa. Wiki chache mbele nafika nyumbani pale, binti hayupo. "Amekwenda kwao kupumzika, mama, si unajua alivyochoka." Bosi alimkatia tiketi mwenyewe, na akamfungashia na mchele. Kesi ilipoitwa, shahidi hayupo. Ikaahirishwa. Ikaitwa tena, hayupo. Nikafuatilia kijijini kupitia mtendaji, nikaambiwa baba yake amepokea pesa na amenunua mabati, hataki tena kusumbuliwa. Kesi ikafutwa. Mtuhumiwa yuko huru, anatembea kati yetu.

Nani aliyeiua kesi ile? Polisi? Hakimu? Ilifia kwenye dirisha la tiketi.

Na wewe uliyekaa hapo ukajua, ukanyamaza, ukasema ni mambo ya nyumba ya watu? Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa akiona haki ya mtoto inavunjwa. Kimeandikwa wajibu. Hakikusema "akijisikia."

Watoto, nisogelee kwenu kidogo, nimewasahau. Mnaanza darasa la kwanza na miaka mingapi? Sita. Vizuri. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima miaka kumi. Kumi ongeza sita ni ngapi? Sawasawa. Kwa maoni yangu hiyo ni sheria ya ulinzi wa mtoto kuliko hizi zote nilizozitaja, maana dalali wa Singida anamvizia nani? Anamvizia mtoto wa miaka 13 aliyemaliza la saba na amekaa nyumbani hana pa kwenda. Mweke mtoto huyo darasani mpaka miaka 16 na dalali amekosa bidhaa. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na baadaye kidato cha tano na sita. Kaya maskini TASAF inazisaidia, na inadai watoto wahudhurie shule. Tangu Novemba 2021, binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Nina mmoja alirudi, alikuwa dada wa kazi hapa hapa kwenye kata yetu. Siku ya kwanza alivaa sweta juu ya sare kwa joto la Februari, kwa sababu alikuwa bado ananyonyesha. Mwalimu wake alimhamishia dawati la mlangoni ili atoke bila kuomba ruhusa. Mwalimu huyo yuko hapa, amenikataza kumtaja.

Sasa naomba kitu kimoja.

Ukitaka kuhamisha kitanda usiku katika mtaa huu, utafanya nini? Utakwenda kwa mjumbe, utaandikiwa barua. Bila barua sungusungu wanakusimamisha na godoro lako kichwani. Friji ina barua. Kochi lina barua. Mtoto ametolewa Singida, amepita mikoa mitatu, ameingia mtaani kwetu usiku, na hakuna aliyeandika hata jina lake. Binti yule wa daftari aliishi nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa. Nyuma yake kabisa, ukuta kwa ukuta. Mwenyekiti hakuwahi kujua yupo.

Serikali haiwezi kumlinda mtoto ambaye haijui kama yupo. Dawati litamsubiri, 116 itamsubiri, kituo cha mkono kwa mkono kitamsubiri, na yeye yuko jikoni kwako.

Ndiyo maana tumekubaliana na wenyeviti wote wanne: kuanzia leo, dada yeyote anayefika anaandikwa kwenye daftari la wakazi la mtaa ndani ya wiki. Jina lake, umri, kijiji, namba ya mzazi, na jina la aliyemleta. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi, maana majina ya madalali yataanza kujirudia, na yakijirudia nitajua pa kwenda. Mwenyekiti au mjumbe mwanamke wa kamati ataongea naye peke yake, bila bosi, dakika kumi. Mshahara ulipwe kwenye simu yake, na simu ikae mkononi mwake. Mabango ya 116 yapo, chukueni, mbandike jikoni. Usibandike sebuleni, sebuleni hakai.

Kuna mama kaniuliza kabla sijasimama: "Nikimwandikisha, si ndiyo nimejipeleka?" Nimjibu mbele ya wote. Siwezi kukuahidi msamaha wa sheria, sina mamlaka hayo. Ninachoweza kukwambia ni kwamba mtu aliyekuja mwenyewe na mtu niliyemkuta hawaongei na mimi lugha moja.

Daftari liko kwenye meza ile ya kushoto, chini ya mwembe, kalamu zipo. Jumatano naanza kupita nyumba kwa nyumba na wenyeviti, tunaanzia bondeni. Mwenye binti aliye chini ya miaka 14 anione leo kabla hajaondoka, tupange atakavyorudishwa kwao na nani atampokea. Nauli ni juu yako, pamoja na mshahara wa miezi yote uliyomkalia.